Mstari wa Arobaini na Saba

2 Septemba
Mvua ya kweli imeanza leo saa nne asubuhi. Nimebadilisha namba moja tu ya simu kwenye faili la ving'ora vya mafuriko hapa ofisini, kisha nikalikagua mara tatu. Kompyuta iliniambia "sawa" mara ya kwanza. Ya pili nilisema labda sikusoma vizuri. Ya tatu sina maelezo.

Nilo, mwenzangu wa meza ya pili, alikuwa ananitazama huku anatafuna karanga. Huniita Manay, dada mkubwa, kama tunavyowaita wanawake waliotuzidi umri.
"Manay Siyon, hilo faili likiwa mke wa mtu litaomba talaka. Halipumui!"
Nikacheka.

3 Septemba
Mvua. Hakuna jipya.

5 Septemba
Nimeamua kuandika kila siku msimu huu mpaka Desemba. Mama aliniambia nikiwa mdogo kwamba mtu asiyelala vizuri aandike. Kulala nalala. Kukaa ndiko kunakonishinda. Nakaa dakika tano, nasimama, nakwenda dirishani kuutazama mto, narudi. Bosi wetu, Injinia Bagadion, amesema kiti changu kitadumu kuliko vyote hapa ofisini kwa sababu hakikaliwi.

9 Septemba
Manay Puring amepiga simu saa kumi na mbili kamili asubuhi, kama kawaida. Yeye ndiye msomaji wa nguzo ya vipimo kule Bagong Sapa. Vihisi vya mtoni vinatuletea urefu wa maji vyenyewe, lakini sheria inataka na jicho la mtu. Kazi ya jicho ni sentensi moja. Yake huwa hotuba.

"Maji mita mbili na nukta moja, Siyon. Lakini yana rangi mbaya. Rangi ya chai ya jana. Na jirani yangu tena kafungulia nguruwe wake, wamekula viazi vyangu vyote. Andika na hilo."
"Manay, hilo haliandikwi."
"Basi mnaandika nini huko?"

Hutia chumvi. Mwezi Julai alisema mto umefika kwenye mizizi ya mnazi wa kanisa, tukatuma gari, tukakuta mbuzi wanakula majani kavukavu. Ofisi nzima ilimcheka. Mimi sikucheka. Mimi kila simu yake ikilia nasimama wima, na ikikatika nashusha pumzi.

10 Septemba
Mchana nimekula laing, majani ya magimbi kwa tui la nazi. Mvua imepumzika.

17 Septemba
Leo nitaandika kile ninachokizungukazunguka.

Programu yetu haina akili. Inasoma faili tunaloandika kwa mkono: kijiji gani, maji yakifika wapi king'ora kilie, kapteni wa kijiji, yaani mwenyekiti wake, ni nani, simu yake ipi. Faili likikosa alama moja tu, programu haiwezi kulisoma. Haipigi kelele. Inagoma kuwaka, basi, na ving'ora vyote vya mto vinakuwa vyuma vilivyosimama juu ya nguzo. Ndiyo maana kuna amri ya kulikagua faili kabla ya kulitumia. Inachukua sekunde mbili, na kama kuna kosa inakutajia mstari.

Mwaka jana, tarehe kumi na tisa Novemba, saa saba mchana, Bagong Sapa walikuwa wamechagua kapteni mpya. Nikafuta jina la zamani, nikaandika jipya, nikawasha programu upya, nikakimbilia ubatizo wa mtoto wa binamu yangu. Sikukagua. Nilikuwa na haraka ya nguruwe wa kuchoma.

Niliporudi saa kumi na mbili jioni programu ilikuwa imekufa tangu saa saba. Mstari wa arobaini na saba: jina la kapteni lilikuwa na alama ya nukuu ya kufungua, ya kufunga haikuwapo. Nikaiweka. Programu ikawaka, na king'ora cha Bagong Sapa kikalia wakati huohuo, juu ya kijiji ambacho maji yalikwisha kuingia tangu saa tisa.

Watu walipanda juu ya mapaa. Mmoja hakupanda. Alikwenda kumfungua nyati wake wa kulimia. Jina lake Damaso Lastimado, mume wa Manay Puring.

Umeme nao ulikatika siku ile, kwa dakika ishirini. Injinia akaandika kwenye ripoti: umeme. Aliandika kabla sijafungua mdomo, nami nikaufunga vizuri zaidi.

18 Septemba
Nimesoma ya jana. Nilitaka kuchana. Sikuchana.

26 Septemba
Nimetengeneza utaratibu mpya: programu haikubali kuwaka kabisa mpaka faili lipite ukaguzi. Nilo amekasirika.

"Yaani nikibadilisha koma moja niombe ruhusa kwa mashine?"
"Ndiyo."
"Na mashine nayo inaomba ruhusa kwako?"
"Nilo, fanya tu."
"Nitafanya, mama mkwe."

Ana vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Anaandika huku anaimba. Mtu asiyejua kuogopa hafai kwa kazi hii, ndivyo ninavyomwona.

4 Oktoba
Manay Puring: mita tatu kasoro. Na nguruwe.

11 Oktoba
Kimbunga kimepita kaskazini. Tumepona. Utaratibu wangu ulimkamata Nilo mara mbili wiki hii, mara moja mabano, mara moja nafasi iliyozidi. Injinia alinisifu mbele ya wote, akasema ofisi za mikoa mingine zije kujifunza hapa. Nikaenda msalani nikafungua bomba ili wasinisikie.

20 Oktoba
Jumapili. Nimefua, nimepiga pasi, nimepanga kabati, nimelipangua. Dada yangu kasema kwa simu, "Siyon, olewa tena, uchoshe mtu mwingine."

1 Novemba
Siku ya makaburi. Mji mzima uko makaburini na vyakula vyake, mishumaa inazimwa na upepo, watoto wanakusanya nta. Nilikwenda kwa baba yangu. Nilipokuwa naondoka mtu akanishika mkono kwa nyuma.

"Unapita tu kama askari? Njoo umsalimie mzee wangu."

Alikuwa Manay Puring. Kwa sura tunaonana mara mbili tatu kwa mwaka. Mfupi, mabega ya mtu aliyebeba ndoo maisha yake yote. Akanikalisha kwenye ukingo wa kaburi la Damaso na kuniwekea kipande cha wali wa nazi uliofungwa kwenye jani.

"Kula. Yeye alipenda na sukari nyingi, akanipa kisukari mimi." Akapangusa majina kwenye saruji kwa kiganja. "Unajua kwa nini niliomba kazi ya nguzo? Nilisema, umeme ukikatika tena, mimi sikatiki."

Nikaurudisha wali kwenye jani. Nikasema nimekumbuka jiko nimeliacha linawaka. Nikakimbia. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, nakimbia kati ya makaburi mchana kweupe.

2 Novemba
Sijaandika kitu. Nimekagua faili ambalo halijaguswa na mtu.

9 Novemba
Mafundi wamefunga vihisi vipya huko juu. Viwango vyote vya hatari vilipaswa kuandikwa upya, vijiji kumi na moja. Nilo ameandika, mimi nimeendesha ukaguzi. "Sawa." Nimekaa kwenye kiti dakika kumi nzima. Raha.

12 Novemba
Wanasema kimbunga kingine kinakuja moja kwa moja kwetu. Keshokutwa.

14 Novemba
Naandika jioni, nguo bado mbichi.

Kimbunga kilitua alfajiri. Kufika saa nne asubuhi mvua ilikuwa inapita ubavuni badala ya kushuka. Tulikuwa watatu ofisini, jenereta inanguruma, na ramani ya mto kwenye skrini ilikuwa kijani toka juu hadi chini. Kijani maana yake shwari. Injinia alisimama nyuma yetu na kikombe chake cha tangawizi.

"Mto umetuheshimu leo," akasema.

Saa nne na dakika kumi simu ikalia.

"Siyon, maji yamepita alama ya sita."
"Ya sita, Manay?"
"Mita sita na zaidi! Kwa nini king'ora kimelala?"

Nikatazama skrini. Bagong Sapa ilikuwa kijani.
"Manay, mashine inaonyesha shwari. Una hakika hujasoma ya tano? Mvua hii..."
"Basi ichukue hiyo mashine yako uje nayo usimame hapa nilipo! Nimeshika mti, Siyon. Maji yako kwenye magoti yangu na nguzo iko mbele ya pua yangu!"

Nilo akanong'ona, "Mizizi ya mnazi wa kanisa," akatabasamu.

Nataka kuandika kwamba nilimwamini papo hapo. Sikumwamini. Nilitazama ile rangi ya kijani nikasema moyoni, nimekagua, nimekagua, faili ni safi. Labda nilikaa hivyo nusu dakika. Kisha nikasikia sauti nyingine ndani ya simu, siyo yake. Ilikuwa sauti ya mto.

Nikafungua jedwali la namba chini ya ramani. Kihisi cha Bagong Sapa kilikuwa kimesoma mita sita na nukta nne. Kihisi kizima, kinasema kweli. Nikafungua faili. Kiwango cha hatari cha Bagong Sapa: 62. Si sita nukta mbili. Sitini na mbili. Nukta haikuwapo. Na ukaguzi wangu wote mtakatifu ulikuwa umepita juu yake, kwa sababu sitini na mbili ni namba halali. Haikosi alama wala mabano. Imeandikwa vizuri kabisa. Ni uongo tu.

Sikugusa faili. Niliruka kwenye vitufe vyekundu vya mkono, vilivyofungwa baada ya mwaka jana ili king'ora kilie bila programu, nikabonyeza cha Bagong Sapa, nikakishikilia kwa kidole mpaka kucha ikawa nyeupe. Kwenye simu, mbali, nikasikia king'ora kikiamka.

"Ndiyo hiyo!" Manay Puring akapiga kelele. "Ndiyo hiyo, mwanangu! Nakwenda kugonga milango."
"Manay, panda mlimani, acha milango!"
Alishakata.

Nikampigia kapteni. Nilo alikuwa amesimama, karanga zimemwagika chini, anasoma faili kwa midomo. Vijiji kumi vingine viko sawa. Kimoja tu. Akakisahihisha, akakosea mara mbili kwa haraka, akakagua, akawasha. Ramani ikawa nyekundu.

Saa nane mchana kapteni alipiga kutoka shule ya mlimani. Kaya mia mbili na kumi na mbili. Amehesabu kwa majina. Wote wapo. Maji yalifika madirishani.

"Na Manay Puring?"
"Yupo hapa, anagombana na jirani yake. Nguruwe wamekuja nao darasani."

Nikakaa sakafuni.

Sasa sehemu iliyobaki. Injinia alifunga mlango, akavuta kiti.
"Tutaandika kwamba kihisi kipya kilichelewa," akasema. "Ni kipya, nani atabisha? Ninyi wawili mmefanya kazi kubwa leo, sitaki mtu aharibu hilo."

Nilo hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Kisha akasema, "Ni mimi niliyeandika, Bosi. Kihisi hakikuchelewa. Niliruka nukta."
"Nilo, hujanielewa."
"Nimeelewa. Ni mimi."

Ilimchukua dakika tano. Yule niliyesema hajui kuogopa, alikuwa mweupe kama karatasi, na ilimchukua dakika tano. Mimi mwaka mzima.

Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Na ya mwaka jana haikuwa umeme."
Injinia akafumba macho. "Siyon, nakuomba."
"Ulijua?"
"Nilisoma kumbukumbu za mashine usiku uleule," akasema polepole. "Nilisema nikikutoa wewe, nani atabaki anayeijua hii kazi? Nilifikiri nawalinda watu."

Nilimwona siku zote kama mtu wa vikombe na sifa. Leo nimemwona amezeeka kwenye kiti. Naye alikuwa amelibeba. Sijui kama hilo linanipa nafuu au hasira. Vyote viwili.

15 Novemba
Nimeandika taarifa yangu kwa mkono, kurasa mbili, kwa baraza la mkoa. Nimeitia sahihi. Kabla ya kuipeleka lazima niende Bagong Sapa. Manay Puring asije akayasoma haya gazetini.

16 Novemba
Nilimkuta anakwangua tope sebuleni kwa koleo. Aliponiona alifurahi. Furaha hiyo ndiyo iliyoniua.

"Mwokozi wetu huyo! Shika ufagio, mwokozi."

Nikashika. Nikafagia pamoja naye labda robo saa, kwa woga. Kisha nikasema nikiwa nimeinama vilevile.

"Manay, siku ya Damaso, umeme haukuwa sababu. Ni mimi. Niliandika jina la kapteni, nikasahau alama, mashine ikazimika. Sikuikagua. Nilikwenda kwenye sherehe."

Koleo likasimama.
"Sherehe ya nini?"
Katika yote aliuliza hilo.
"Ubatizo."
"Mlikula nini?"
"Nguruwe," nikasema. Machozi yalikuwa yameanza, nikayachukia, maana yalikuwa yangu na si yake.

Akatazama ukutani, mstari wa tope la juzi, na juu yake mstari uliofifia wa mwaka jana. Akasema, "Nenda nyumbani, Siyon." Si kwa ukali. Nikaweka ufagio nikatoka. Nyuma yangu koleo likaanza tena, kwa nguvu, kama mtu anayechimba.

17 Novemba
Saa kumi na mbili asubuhi simu haikulia. Kapteni ametuma ujumbe: mita nne.

18 Novemba
Kapteni. Mita tatu na nusu.

19 Novemba
Mwaka mmoja. Simu haikulia. Nimepeleka taarifa barazani.

20 Novemba
Kapteni. Mita tatu. Nimegundua ninasubiri nguruwe wa jirani. Ningetoa chochote kusikia habari za nguruwe.

21 Novemba
Amekuja. Ofisini, mwenyewe, na viatu vya tope mkononi ili asichafue. Nilo akamvutia kiti, akakikataa.

"Nionyeshe," akaniambia.
"Nini, Manay?"
"Hicho kitu. Nimesema nionyeshe."

Nakala ya lile faili ninayo, sijaifuta. Nikaifungua, nikashuka mpaka mstari wa arobaini na saba, nikamwekea kidole. Hapa jina linaanza, kuna hizi alama mbili ndogo. Hapa linaisha. Hapa hamna kitu.

Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Alisoma jina la kapteni kwa sauti. Akagusa pale penye upungufu kwa ncha ya kidole, akaacha alama ya udongo.

"Kadogo hivi."
"Ndiyo, Manay."
"Na ungekagua, ungechukua muda gani?"
Nilifikiria kudanganya. "Sekunde mbili."
"Sekunde mbili," akasema. Akahesabu kwa mdomo, moja, mbili, kama anayepima uzito wake. Kisha akahesabu tena.

Nilo alikuwa analia waziwazi. Mimi nikasema:

"Nisamehe, Manay."
"Sijui bado," akasema. "Usiniharakishe. Na hii ya juzi, kapteni kaniambia ya sitini na mbili, mashine iliipitisha?"
"Iliipitisha. Yenyewe inajua maandishi. Haijui mto."
"Mimi ninaujua." Akavaa kiatu kimoja, mkono ukutani. "Basi sikilizeni, wewe na huyu anayelia. Kuanzia leo hakuna namba ya mto wetu itakayoingia humo ndani kabla sijasomewa kwa simu. Moja moja. Mkikosea nitawaambia. Mkiona nawachosha, nichukieni."

Akavaa cha pili akaondoka.

22 Novemba
Saa kumi na mbili kamili. "Mita mbili na nukta nane." Akakata. Hakuna nguruwe. Lakini amepiga.

3 Desemba
Mvua ndogondogo. Barazani wameniita. Niliulizwa maswali saa tatu nzima, nikajibu yote. Injinia alijibu yake. Hatukutazamana, lakini wakati wa kutoka alinishikia mlango.

11 Desemba
Uamuzi umefika. Injinia amepewa onyo na anastaafu Januari. Mimi nimeondolewa kwenye mashine, nahamishiwa ghala la misaada, magunia ya mchele na mablanketi. Nilo amebaki, amekatwa likizo. Nilidhani nitaumia. Nimeumia kidogo, kama jino lililong'olewa: ulimi unalitafuta.

13 Desemba
Siku ya mwisho mezani. Kapteni wa Bagong Sapa ameomba king'ora kilie mapema zaidi, na vijiji viwili vya jirani pia. Nilo amekaa kwenye kiti changu, hakuimba. Aliandika, akaendesha ukaguzi. "Sawa." Mkono wangu ulikwenda wenyewe kutaka kurudia, nikauweka mfukoni.

Akapiga simu, akaweka spika.

"Manay Puring, Bagong Sapa: tahadhari, nne nukta tano. Hatari, tano nukta nane."
"Tano nukta nane. Endelea."
"Kwa Lourdes Ibaba: tahadhari nne nukta mbili. Hatari, sita nukta tano."
"Ngoja. Lourdes Ibaba iko chini yetu, nyumba zao zinagusa mto. Sisi tunahama tano nukta nane, wao sita na nusu? Wataogelea?"

Nilo akatazama karatasi ya kapteni wa kijiji hicho. Akaishika karibu na taa. Akanigeukia, akanionyesha kwa kidole: mtu alikuwa ameandika tano, mkia wa tano umekunjwa kama sita.

"Ni tano nukta tano, Manay. Nilisoma vibaya."
"Iandike. Halafu nisomee tena, kuanzia mwanzo."
"Zote?"
"Zote, vijiji vyote kumi na moja. Na polepole, kijana, mimi sina sherehe ya kuwahi."

Nilijua hilo alinirushia mimi, na lilinifikia. Nilivuta kiti cha wageni nikakaa, nikasikiliza namba zote ishirini na mbili mpaka ya mwisho, bila kusimama.